Tunakaa Tu

Habari za gari la halmashauri zilifika mtaani kabla ya gari lenyewe. Watu wa mtaa ule waliamini kwamba mtu yeyote anayetembea na ramani amefuata leseni, kwa hiyo kila mwenye biashara katika chumba cha mbele aliifanya ipotee. Ubao wa bei uligeuzwa ukutani. Magunia ya mkaa yalitandikwa shuka na mto, yakawa kitanda. Kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, habari zilimkuta katikati ya kichwa cha mtu.

"Hapa mnafanya biashara gani?" aliulizwa.

"Biashara? Hapa tunakaa tu."

"Na huyu?"

"Huyu shemeji yangu."

Shemeji alikuwa amenyolewa upande mmoja, kitambaa cheupe kikiwa bado shingoni. Aliinamisha kichwa kukubali undugu.

"Tunakaa tu na shemeji," Wembe akaongeza. "Au kuna sheria inakataza?"

Aliyeuliza alikuwa afisa mipango miji wa halmashauri. Nyumbani kwao aliitwa Rula, kwa sababu utotoni hakukata hata mkate bila kuupigia mstari. Kazini tabia hiyo ilimfaa. Utaratibu wa upimaji ulisema kwamba mwenye jengo aulizwe jengo linatumika kwa shughuli gani, na pale maneno yake yanapopingana na kinachoonekana, kiandikwe kinachoonekana. Rula aliona vioo viwili, mashine ya kunyolea na nywele sakafuni. Akaandika: biashara, kinyozi. Katika nyumba iliyofuata akaandika: biashara, mkaa. Alifanya hivyo nyumba hata nyumba bila kubishana na mtu.

Mkuu wa idara yake alikuwa amebaki garini. Alikuwa mwanamke hodari na mwenye haraka, na njiani alikuwa ameeleza anachofikiria juu ya mitaa ya namna hiyo. "Watoboa ukuta," alisema. "Unampa mtu kibali cha kujenga nyumba, mwaka unaofuata ametoboa sebule, ameweka mlango wa barabarani, anauza. Halafu gari la zimamoto likishindwa kupita, lawama kwetu." Dereva alicheka. Rula pia alicheka. Hakusema kwamba mbele yao, upande wa kushoto, kulikuwa na sebule iliyotobolewa na mama yake mdogo, wala kwamba asubuhi ile, kila mpimaji alipoulizwa kama ana ndugu katika eneo la kazi, yeye alijibu hana.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea. Alihamia mtaa huu Rula akiwa tayari chuoni, kwa hiyo majirani walijua ana mtoto halmashauri lakini hawakuijua sura yake. Alipokuja kumtembelea, alikuja siku ambazo vyumba vya mbele vimefungwa, na alipitia geti la uani.

Walipoikaribia nyumba ile, mkuu wa idara aliteremka kunyoosha miguu. Akaja kusimama nyuma ya Rula, mlangoni, viatu vyake vyeupe vikikwepa maji ya mtaro.

Mama mdogo naye alikuwa amejitahidi, asije akawaumbua majirani. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake kuwekwa redio. Vitambaa vya wateja havikuonekana. Alisahau kitu kimoja tu: futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake.

"Shikamoo, mama," Rula alisema.

Mama mdogo alimtazama. Salamu ilikuwa sahihi, ila imepungua neno moja. Kila siku ya maisha yake Rula alikuwa amemwita mama mdogo, na sasa lile "mdogo" limeachwa garini.

"Marahaba," akajibu. Naye hakusema mwanangu.

"Tunapima matumizi ya majengo. Hapa panatumika kwa shughuli gani?"

Akamtazama mkuu wa idara, akaviona viatu, akaliona gari, kisha akarudisha macho kwa Rula. Haikumchukua muda.

"Hapa? Hapa tunakaa tu."

"Mnakaa wangapi?" mkuu wa idara akauliza.

"Peke yangu sasa. Nina mtoto mmoja, yuko kazini."

"Na hiyo futi shingoni, mama?"

Mama mdogo akaishika kama aliyeikuta hapo. "Uzee huu. Kila asubuhi najipima nione nimepungua kiasi gani."

Mkuu wa idara akacheka kwa kupenda. Akachungulia ndani, akaona redio juu ya kitambaa cha meza na sakafu iliyofagiliwa. "Andika makazi," akamwambia Rula. "Angalau kuna nyumba moja ya heshima." Rula akaandika makazi, akashukuru, akaenda nyumba inayofuata. Hakugeuka nyuma, lakini alijua mlango haujafungwa.

Ofisini, jioni, alianza kuhamishia kazi ya siku kwenye ramani. Nyekundu ilikuwa biashara na njano ilikuwa makazi. Mtaa ulitoka mwekundu, na katikati yake kisanduku kimoja cha njano. Kasoro aliyoiona, kama mtu wa fani, ilikuwa wazi: nyumba zote zilipimwa kwa macho, na hiyo moja ilipimwa kwa mdomo. Mtaa mmoja hauwezi kuwa na vipimo viwili. Ama akipake nyekundu kisanduku kile, na kesho aulizwe amejuaje kilichokuwa chini ya kitambaa cha meza, ama kipimo cha mdomo kitumike kwa wote. Wote walikuwa wamesema neno moja. Hakuna aliyewalazimisha kulisema.

Akazibadilisha nyumba zote kuwa za njano. Alipomaliza, mstari ulikuwa umenyooka.

Rangi kwenye ramani ni rangi tu mpaka kanuni zitakapoisoma. Mpango mpya wa matumizi ya ardhi ulipotolewa, mtaa uliingizwa katika ukanda wa makazi. Kanuni za ukanda huo hazikuandikwa na wajinga. Zilikusudia mtu aweze kulala bila gereji kumpigia nyundo dirishani, na mitaro isibebe oili ya magari mpaka kisimani. Lakini zilisema pia kwamba katika ukanda wa makazi hakuna leseni ya biashara itakayotolewa, na kwamba mlango wowote wa sebule unaofunguka moja kwa moja barabarani kwa ajili ya wateja uzibwe kwa tofali. Anayetaka kushona au kunyoa akapange fremu ya duka katika eneo la soko jipya, ng'ambo ya barabara kuu, ambako kodi ya fremu ilizidi kipato cha fundi mwenye cherehani moja. Hilo la kodi halikuandikwa popote, kwa sababu kanuni za ardhi hazihusiki na kipato.

Notisi zikabandikwa milangoni. Wembe aliisoma yake kwa sauti, akarudia sehemu ya tofali, akasema, "Wanataka niwanyoe watu kupitia dirishani kama natoa dawa."

Rula alikuja wakati milango ya mbele imefungwa. Alipita uani kama kawaida. Mama mdogo alikuwa na suruali mkononi, ya kwake Rula, aliyoiacha ipunguzwe.

"Vaa nikuone," akasema. "Simama wima. Wewe unajua kusimama wima, si ndiyo kazi yako?"

Akapiga goti na kuanza kubana pindo kwa pini. Notisi ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri, na mkasi umewekwa juu yake isipeperuke.

"Haijakaa," akasema. "Huku imevuta. Hivi mtaa wetu nani kaupaka njano?"

"Ni kamati, mama mdogo. Inapitisha kamati."

"Kamati ilikuja hapa?"

Rula akaitazama notisi chini ya mkasi.

"Nauliza tu. Maana mlango huu nimeutoboa kwa mikono yangu na fundi mmoja mlevi. Wakiuziba, wateja wapite wapi? Uani? Mtu na harusi yake apite kwenye kamba za nguo, anitafute jikoni? Atakuja mara moja, ya pili haji. Huo ndio mwisho wangu wa kushona, baba. Macho haya bado yanaona tundu la sindano."

"Kuna kikao cha pingamizi. Kila mwenye notisi anaruhusiwa kuongea. Njoo useme."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Mimi ndiye ninayeonyesha ramani."

Mama mdogo alitoa pini ya mwisho mdomoni, akaichomeka kwenye pindo taratibu.

"Sasa nikifika," akasema, "nikujue au nisikujue?"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja anataka mifuko ya ndani au ya nje. Alitafuta jibu, akapata moja baya.

"Utakavyoona mwenyewe, mama mdogo."

"Haya. Vua, utachomwa na pini."

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa sauti ndogo, mstaarabu, asiyependa kurudia jambo. Mkuu wa idara alikaa kulia kwake. Rula alisimama kando ya ramani kubwa iliyotundikwa ukutani, fimbo ya kuonyeshea mkononi. Watu wa mtaa walijaza viti vya katikati. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, na safari hii alikumbuka kuvua futi.

Wembe alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nyumbani kwangu nina kiti cha kuzunguka na vioo viwili. Mtu anayekaa tu, kiti cha kuzunguka cha nini? Azunguke aende wapi?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti alisubiri wamalize.

"Siku ya upimaji uliulizwa. Kwa mujibu wa taarifa, ulisema, 'Tunakaa tu na shemeji.'"

"Nilisema."

"Huyo shemeji yupo?"

"Mimi hapa," sauti ikatoka nyuma. "Na sikumaliziwa kunyolewa."

Wakacheka tena, ila mwenyekiti hakucheka. "Tatizo langu ni hili. Mtaa mzima mlisema neno moja. Halmashauri imepanga kwa neno lenu. Leo mnataka ipange kwa neno jingine. Mji haupangwi hivyo."

"Tuliogopa leseni, mheshimiwa."

"Basi mmepata msichokiogopa."

Wembe akakaa. Ukumbi ulipoa. Mwenyekiti akaita jina la mtaa na nyumba iliyofuata, na mama mdogo akasimama.

"Wewe pia ulisema unakaa tu?"

"Nilisema."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Nashona. Nilianza kushona kabla ya huu mtaa kuwa na taa."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Kwa nini? Na wewe uliogopa leseni?"

"Leseni ninayo. Nalipa."

Mwenyekiti alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Kama leseni unayo, uliogopa nini?"

Rula aliiona mikono ya mama mdogo ikitafuta futi shingoni na kuikosa. Alikuwa mita chache tu kutoka kwake. Hakumtazama Rula hata kidogo, na kutokutazama huko kulihitaji bidii, kwa sababu Rula alikuwa amesimama mbele ya ukumbi mzima kando ya kitu ambacho kila mtu alikuwa akikitazama.

"Nilishtuka tu, mheshimiwa," akasema. "Nimezeeka. Aliyeniuliza alikuwa kijana mpole, aliniamkia vizuri, hana kosa. Kosa ni langu."

"Afisa," mwenyekiti akasema, akiandaa kalamu, "kwa ajili ya kumbukumbu tu. Ulipofika katika nyumba ya huyu mama, uliona nini?"

Jibu lilikuwa tayari, neno moja, makazi, na lingekuwa la mwisho. Mkuu wa idara alikuwa ameshaanza kufungua mada inayofuata.

"Niliona redio juu ya kitambaa cha meza," Rula alisema. "Chini ya kitambaa kulikuwa na cherehani."

"Ulifunua?"

"Sikufunua."

"Umejuaje?"

"Naifahamu. Ndiyo iliyonisomesha."

Hakuna aliyeelewa mara moja, kwa hiyo ilimbidi aendelee, na kuendelea kulikuwa kugumu kuliko kuanza. Alisema kwamba yule ni mama yake mdogo. Alisema alimsalimia kama mgeni kwa kuwa mkuu wake alikuwa nyuma yake, na mama huyo akaelewa, akamsaidia. Alisema nyumba nyingine zote aliziandika biashara kama alivyoziona, kisha akazigeuza makazi ili nyumba hiyo moja isionekane. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza ramani. Fimbo ilikuwa bado mkononi, na hakujua aiweke wapi.

Mkuu wa idara aliangalia meza. Labda alikuwa akikumbuka ile nyumba moja ya heshima.

Mwenyekiti hakumkemea. Alisema kwamba mpimaji aliyeficha undugu na mmiliki wa jengo amebatilisha upimaji wa mtaa husika. Kwamba mtaa utapimwa upya na mtu mwingine. Kwamba notisi zinasitishwa mpaka hapo. Na kwamba afisa akabidhi vifaa vya kazi. Kisha akaita mtaa unaofuata.

Nje, watu wa mtaa walipaswa kufurahi, na kwa sehemu walifurahi. Lakini walikuwa wamepata habari nyingine, yenye ladha zaidi kuliko notisi.

"Kumbe ndiye huyu!" Wembe alisema, akimtazama Rula kichwani kwanza, kama kinyozi. "Fundi, si ulituambia mwanao kila wiki yuko kwako? Anakuletea hiki na kile? Mbona hata sisi hatumjui?"

"Anapitia uani," mama mdogo akasema.

"Uani!" Wembe akarudia, na aliyekuwa karibu akakohoa ili asicheke.

Rula alimfuata mpaka kwenye kona ya jengo. "Mama mdogo, nisamehe."

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka mlango wako usizibwe."

"Hukusikia nilichosema mle ndani? Nilisema kosa langu. Nilikuwa nimeshamaliza." Alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa watu bado walikuwa wanapita na kumpungia mkono. "Siku ile mlangoni, kilichotokea tulikijua wawili. Mimi nilishakifungia. Nikajiambia, mtoto yuko na wakubwa zake, ana haraka. Leo umekisoma mbele ya mtaa mzima, umekinyoosha na ile fimbo yako. Sasa kila atakayekuja kushona atanitazama, aseme, ndiye huyu aliyekanwa na mtoto wake. Mlango umeuokoa, sawa. Nitaufungua kwa uso gani?"

Rula alisogea ukutani kupisha watu.

"Suruali yako iko tayari kujaribiwa," akasema mama mdogo, na akaondoka na wenzake.

Rula alihamishiwa dawati la vibali vya uzio, ambako hakuna anayetoka nje ya ofisi. Alichelewa kwenda kuchukua suruali, wiki baada ya wiki. Mwishowe alienda siku ya kazi, mchana, mtaa ukiwa umefunguka wote, na akapitia mbele. Wembe alimwona tangu mbali na akageuza kiti cha mteja wake ili naye aone. Mtu wa mkaa aliitikia salamu yake baada ya kufikiri. Rula alisimama kwenye mlango uliotobolewa na mama yake mdogo, nyuma ya wanawake wawili wenye vitambaa vyao, akasubiri zamu.

Zamu ilipofika, mama mdogo alimnyooshea suruali. Alibadilisha nyuma ya pazia, akatoka, akasimama wima katikati ya chumba. Mama mdogo alipiga goti, pini mdomoni.

Hapo ndipo gari la halmashauri liliposimama nje. Mpimaji mpya alikuwa binti mdogo, ametoka chuoni si zamani, na hakuwahi kukutana na Rula.

"Shikamoo, mama. Tunarudia kupima matumizi ya majengo. Hapa panatumika kwa shughuli gani?"

Mama mdogo alitoa pini mdomoni.

"Hapa ni kwa fundi. Cherehani ile pale, pasi ile pale, nguo za watu zile. Wateja wanaingia kwa mlango huo uliosimama wewe."

"Na unakaa hapa pia?"

"Nakaa nyuma. Andika vyote."

Binti akatazama cherehani, akatazama wateja waliokaa kwenye benchi, akaandika. "Makazi na biashara," akasema. "Mtaa wote unatoka hivyo. Ramani ikipita kama ilivyo, mlango wako unabaki, mama." Kisha akamwona Rula katikati ya chumba, mikono ubavuni, mguu mmoja wa suruali ukiwa mrefu kuliko mwingine. "Na kaka huyu? Anakaa hapa?"

Rula alifungua mdomo.

"Huyo?" mama mdogo akasema, macho yakiwa kwenye pindo. "Mteja tu."

Binti akaitikia kwa kichwa na kuandika kitu kifupi. Mmoja wa wanawake wa kwenye benchi aliinama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Rula alibaki wima. Uso ulimwaka, na kwa kuwa pini zilikuwa zimezunguka vifundo vyake vya miguu hakuweza hata kugeuka.

Mama mdogo alivuta pindo la kulia, akavuta la kushoto, akarudi nyuma kidogo kwa magoti yake.

"Inakaa?" akauliza.

"Inakaa, mama mdogo," Rula alijibu, kwa sauti ya kumfikia binti aliyekuwa mlangoni na Wembe aliyekuwa ng'ambo ya njia.

Mama mdogo hakunyanyua kichwa. Alikusanya pini zilizobaki sakafuni, moja moja.

"Vua, basi," akasema. "Kuna watu nyuma yako wanasubiri."